Mvua ya Kiabakari na Mvua Yetu: Somo la Kusikiliza Utabiri wa Hali ya Hewa



Masika yakishika, wiki moja ya ngurumo na tufani yatosha kumharibia mkulima kazi ya miaka. Katika wiki kama hiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri, na redio huusoma. Lakini wapo wenzetu wasemao, "Waongo hao! Jana wametangaza mvua kubwa, na kwetu jua limewaka mchana kutwa." Katika somo hili twataka kuonyesha ya kuwa mara nyingi kosa si la mtabiri, bali ni la sikio.

Utabiri husomwa kanda baada ya kanda. Unguja na Pemba zimo katika pwani ya kaskazini, pamoja na Tanga, Dar es Salaam na Pwani. Mkoa wa Mara umo katika kanda ya Ziwa Victoria. Basi na tuchukue mfano wa Kiabakari, katika wilaya ya Butiama, penye barabara itokayo Musoma kwenda Bunda. Toka huko hadi Pemba ni zaidi ya kilomita 700, na mvua ya huko ina asili nyingine.

Mchana jua huipasha nchi kavu moto upesi kuliko maji ya ziwa. Hewa ya nchi kavu hupanda, na upepo wa ziwani huja kujaza nafasi yake. Upepo huo hukutana na ule utokao mashariki. Hewa yenye unyevu husukumwa juu, mawingu hujengeka, na alasiri radi hupiga. Usiku mambo hugeuka. Ziwa hubaki na joto, pepo za nchi kavu huteremka ziwani kutoka pande zote, na dhoruba huwaangukia wavuvi usiku wa manane hadi asubuhi. Kwa hiyo mtu wa Kiabakari huitazama alasiri, na mvuvi wa Musoma huuogopa usiku.

Sisi wa visiwani mvua yetu hutoka baharini, wakati kaskazi inapokwisha na kusi kuanza. Vimbunga huku ni nadra kwa kuwa tuko karibu na ikweta, lakini nadra si kusema haviji. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Pemba ilisalimika, na tangu hapo ikawa ndiyo mama wa karafuu. Aprili 1952 kimbunga kingine kiliipiga Lindi. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikaribia Mafia. Safari za boti baina ya Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa, kwa kuwa onyo lilitolewa mapema na watu wakalisikia.

Basi utabiri ukisomwa, sikilizeni mambo matatu.

Kwanza, mahali. Ikitajwa Mara au Mwanza, hiyo si mvua yetu. Mwenye miche ya kupanda asiahirishe kazi kwa ajili yake. Ikitajwa Pemba au pwani ya kaskazini, hiyo yatuhusu.

Pili, muda. Onyo lina siku yake ya kuanza na ya kwisha.

Tatu, nguvu. Angalizo ni dogo kuliko tahadhari, na tahadhari ni ndogo kuliko tahadhari kubwa. Mvua kubwa ni ile ipitayo milimita 50 kwa saa 24. Upepo mkali hutajwa ukifikia kilomita 40 kwa saa, na mawimbi yakifikia mita 2. Husemwa pia uwezekano wa kutokea. Uwezekano ukiwa wa wastani na mvua isinyeshe, mtabiri hakusema uongo. Na atakayedharau kwa sababu hiyo, siku nyingine atajuta.

Onyo likiwa letu, tuzibue mifereji shambani, kwani mkarafuu haupendi kusimama majini. Miche michanga tuifunge kwenye vijiti. Karafuu kavu tuziinue juu ya sakafu, wala tusizipakie mashuani mpaka bahari itulie. Wala mtu asipande mkarafuu uliolowa: tawi lake ni jepesi kuvunjika, na pishi ya karafuu hailingani na uhai wa mtu.

Mkarafuu hutaka miaka sita na zaidi kabla ya kuzaa. Kusikiliza redio hutaka dakika chache tu.

Maswali ya kujipima:
1. Kwa nini radi hupiga Kiabakari alasiri, na ziwani usiku?
2. Pemba imo katika kanda gani?
3. Katika onyo la mwisho ulilolisikia, mahali, muda na nguvu vilikuwa vipi?