Majibu ya Kipimo cha Ini: Namna ya Kuyasoma Nyumbani

Mkazi wa Kingsbury akitolewa damu, mara nyingi majibu anayaona kwenye simu, ndani ya NHS App, kabla daktari hajampigia. Kuna mstari wa ALT, wa ALP, wa bilirubini na wa albumini, na mmoja wao umepita kiwango. Nyumba nzima inaingiwa na hofu. Au namba zote ziko sawa, simu inafungwa, na habari ya ini inaishia hapo. Tumeandika kijitabu hiki kwa ajili ya familia za hapa Brent zenye asili ya Barawa, Mombasa, Dar es Salaam, Kampala na Bukavu, kwa sababu yote mawili yanatuumiza, na hilo la pili linatuumiza zaidi.

Kila namba inasema nini

ALT ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya seli za ini. Seli zikiumia, kinavuja na kuingia kwenye damu. AST nacho kimo kwenye ini, ila kimo pia kwenye misuli, kwa hiyo mtu aliyebeba mizigo mizito au kufanya mazoezi makali siku chache kabla ya kipimo anaweza kukutwa nacho juu ilhali ini lake ni zima. ALP na GGT hupanda zaidi pale njia ya nyongo inapoziba au kuumia. Maabara nyingi za Uingereza huweka ALP kati ya 30 na 130, bilirubini chini ya 21, albumini kati ya 35 na 50. Kiwango cha ALT hutofautiana kutoka maabara moja hadi nyingine, basi soma kile kilichoandikwa kando ya jibu lako, usilinganishe na la jirani.

ALT, AST, ALP na GGT zinaonyesha majeraha. Kazi ya ini yenyewe inaonekana kwenye albumini, ambayo ni protini inayotengenezwa na ini, na kwenye INR, kipimo cha muda wa damu kuganda, ambacho huombwa peke yake. Mwenye ALT ya juu na albumini 43 anahitaji kutafutiwa sababu, lakini ini lake bado linafanya kazi. Mwenye ALT ya kawaida, albumini 27 na INR 1.8 bila kutumia dawa ya kuzuia damu kuganda ndiye wa kuhangaikiwa leo. Ini lililojaa makovu huwa limebakiwa na seli chache za kuvuja, kwa hiyo ALT inaweza kushuka huku ugonjwa ukizidi. Albumini pia hushuka kwa maradhi ya figo na maambukizi makali, ndiyo maana daktari hasomi mstari mmoja peke yake.

Namba moja ikipanda peke yake

ALP ikiwa juu na GGT iko sawa, mara nyingi chanzo ni mifupa. Upungufu wa vitamini D ni jambo la kawaida kwetu London, kwa jua hafifu na ngozi zetu nyeusi. Watoto wanaokua na wajawazito nao huwa na ALP ya juu bila ugonjwa wowote.

Bilirubini, rangi ya njano itokanayo na damu inayovunjika, ikipanda peke yake, hali ya kurithi iitwayo Gilbert ni sababu ya kawaida. Haina madhara, na bilirubini hupanda mtu anapofunga. Ukipimwa katikati ya Ramadhani, au ukiwa kwenye funga ya dini nyingine, mwambie daktari. Mwambie pia kama katika ukoo wenu kuna selimundu au upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kwani damu ikivunjika kwa wingi bilirubini hupanda.

Mfano wa mafuta kwenye ini

Tuseme baba wa miaka 52 mwenye kisukari ana ALT 68 na AST 45. Hanywi pombe. Huenda ini lake limejaa mafuta, jambo linaloandamana sana na kisukari na kitambi. Swali ni kama kovu limeanza, na ALT haiwezi kulijibu. Daktari anatumia hesabu iitwayo FIB-4, inayochanganya umri, AST, ALT na chembe sahani za damu. Chembe sahani zake zikiwa 230, jibu ni 1.23, chini ya 1.3, na uwezekano wa kovu kubwa ni mdogo. Zikiwa 120, kwa namba zilezile za ini, jibu ni 2.36, na hapo anastahili kupelekwa kupimwa ugumu wa ini kwa mashine. Kwa waliozidi miaka 65 mpaka wa chini ni 2. Uliza bila haya: "FIB-4 yangu ni ngapi?"

Kupima tena na tena bila kutafuta chanzo hakumsaidii mgonjwa. Namba iliyopanda inadai sababu, hata kama imepanda kidogo.

Taja kila unachomeza

Panadoli na paracetamol ni dawa moja, na imo pia ndani ya unga wa mafua. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Taja dawa za miti shamba na vidonge vya bizari ya manjano. Vimeshaharibu maini ya watu. Miraa ni marufuku Uingereza tangu Juni 2014, lakini aliyeitafuna miaka mingi aseme, na hatashtakiwa kwa kumweleza daktari wake. Dawa za kifua kikuu huweza kuumiza ini: macho yakiwa ya njano au ukitapika mfululizo, piga simu kwenye kliniki yako siku hiyohiyo.

Kutapika damu, choo cheusi kama lami, au mgonjwa wa ini kuanza kuchanganyikiwa ni kupiga 999. Usisubiri simu ya GP.

Mzazi asiyejua Kiingereza asitafsiriwe na mtoto wake. Mkalimani wa NHS ni bure. Muombe unapopanga miadi.

Homa ya ini B haionekani hapa

Mtu anaweza kuishi na virusi vya homa ya ini B miaka 30, kila kipimo cha ini kikitoka safi, huku hatari ya kovu na saratani ikiwepo. Wengi huambukizwa wakati wa kuzaliwa au utotoni, na Kenya, Tanzania na Uganda chanjo iliingia kwenye ratiba ya watoto mwanzoni mwa miaka ya 2000 tu, Somalia na Kongo baadaye zaidi. Uliyezaliwa huko kabla ya hapo, omba kipimo cha damu cha HBsAg kwa jina lake. Mwongozo wa NICE, taasisi ya miongozo ya tiba, tangu 2012 unataka watu waliozaliwa katika nchi zenye maambukizi mengi wapimwe.

Kujiandikisha kwa GP hakuhitaji karatasi za ukaazi, na hospitalini matibabu ya homa ya ini ya virusi hayatozwi kwa yeyote. Sahani moja, kukumbatiana na kikombe cha chai haviambukizi; wembe, mswaki na kujamiiana vinaweza. Mama mwenye virusi, mtoto wake hupewa chanjo ndani ya saa 24 za kuzaliwa, kisha dozi zinazofuata. Mume, mke, ndugu na watoto wakubwa nao wapimwe, na asiye navyo achanjwe.