Kipyenga Kisitangulie Jicho: Kwa Mwamuzi Mpya wa Kikapu

Mbulu na Hanang zinajulikana kwa wakimbiaji. John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 huku goti limefungwa bandeji, ni mtu wa Mbulu. Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola mwaka 1978, ni wa Katesh. Kikapu hakijapata jina kama hilo huku, na mara nyingi mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, yakikaribia, kipyenga chake hukabidhiwa mwalimu wa michezo ambaye miaka yote amechezesha soka au netiboli. Makosa mengi ya aibu huanzia hapo. Mwalimu huyo anajua michezo, ila jicho lake limezoea sheria za mchezo mwingine.

Chukua mstari. Kwenye soka, mpira ulio juu ya mstari bado uko ndani mpaka uvuke wote. Kwenye kikapu mstari ni nje: kisigino cha mwenye mpira kikigusa chokaa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Tatizo ni kwamba kwenye uwanja wa udongo chokaa hufutika kabla hata ya mapumziko. Kwa hiyo fika mapema, zunguka uwanja na makocha wote wawili, kubalianeni mstari unapita wapi, na omba uchorwe upya wakati wa mapumziko. Kagua na jezi. Timu ikivaa seti ya soka yenye namba 9 mbili, meza ya mtunza kumbukumbu haitajua faulo ni ya nani.

Sekunde tatu ndizo huwatesa zaidi waliotoka netiboli. Kule mchezaji haruhusiwi kushika mpira zaidi ya sekunde tatu. Kwenye kikapu hesabu hiyo ni ya mshambuliaji anayekaa ndani ya eneo lililo chini ya goli la wapinzani, awe na mpira au asiwe nao, timu yake ikiwa inaumiliki. Mpira ukishaachiwa kuelekea golini, umiliki umekwisha na hesabu imekufa. Wachezaji wanapogombea rebaundi mara tatu mfululizo, hakuna sekunde tatu hapo, hata uwanja mzima upige kelele. Nimeona timu ikinyang'anywa pointi halali kwa kosa hili, na inauma, kwa sababu watoto walikuwa wamepigania mpira ule kwa haki.

Dawa ya kupuliza kwa haraka ni pumzi moja. Ona mgusano, tazama umeathiri nini, ndipo upulize. Mrushaji akiguswa huku mpira unatoka mkononi, mwache amalize: ukiingia, kikapu kinahesabiwa na anaongezewa mtupo mmoja; ukikosa, anapata miwili, au mitatu kama alirusha kutoka nje ya mstari wa mita 6.75. Ukipuliza na kuamua papo hapo, utasahau kutazama kama mpira uliingia, na hapo ndipo mabishano huanza.

Usifuate mpira kama mtazamaji. Mkiwa waamuzi wawili, mmoja akae kwenye mstari wa mwisho chini ya goli, mwingine nyuma ya mashambulizi. Mpira ukiwa upande wa mwenzako, kazi yako ni wale wasio na mpira: anayevuta jezi, anayesukuma kiuno.

Sasa meza. Faulo ni ngumi juu. Kosa lisilo faulo, kama kutembea na mpira, ni kiganja wazi. Ukichanganya, mtunza kumbukumbu ataandika faulo isiyokuwepo. Simama mahali meza inakuona, onyesha namba, onyesha aina ya faulo, kisha adhabu. Kabla hujampa mtu mpira wa kurusha mitupo huru, uliza meza timu ina faulo ngapi kwenye robo hiyo. Mitupo miwili huanzia faulo ya tano ya timu, lakini haitolewi kama aliyefanya faulo ni wa timu inayomiliki mpira. Waamuzi wapya husahau kipengele hicho cha mwisho mara kwa mara.

Ukigundua umetoa mitupo isiyostahili, sema. Sheria za FIBA zinaruhusu kusahihisha kabla mpira haujawa hai tena, baada ya kufa kwa mara ya kwanza tangu saa ianze kutembea kufuatia kosa lile. Waite makapteni wote wawili, eleza kwa sentensi moja, endelea. Usilipe kosa kwa kuipendelea upande wa pili timu uliyoionea. Hapo umetenda makosa mawili.

Pembeni mwa uwanja utasikia Kiiraqw na Kidatooga, na pengine unaelewa kila neno linalosemwa. Usijibu. Wachezaji watakuita mwalimu, nawe waite kwa namba zao, hata yule unayemfundisha darasani. Anayeruhusiwa kukuuliza ni kapteni, kwa adabu, mpira ukiwa umekufa.

Kwa maofisa michezo wa Mbulu na Hanang nina ombi: msipange mechi ya kikapu yenye mwamuzi mmoja na meza tupu. Wekeni waamuzi wawili, mtunza kumbukumbu na mtunza saa, na wapewe kitabu cha sheria wiki mbili kabla, si asubuhi ya mechi.