Jua Haki Zako: Mpe Dalali Mdomo, Usimpe Mkono

SWALI: Wakili, mimi ni mfanyabiashara wa nafaka hapa Sumbawanga mjini. Mimi na mume wangu tuna boti ya mbao kule Kirando, ina mashine yake. Usajili uko kwa jina la mume, lakini mashine niliinunua mimi kwa pesa ya mahindi. Tumeamua kuiuza. Nahodha wetu anasema ana mtu wake, tuuziane wenyewe. Dalali wa mwaloni naye hapumziki kupiga simu: "Mama, nitumie karatasi tu, wewe kaa hukohuko juu, hela utaiona kwenye simu." Anataka asilimia kumi. Nishike lipi?

JIBU: Mama, umeuliza nani aiuze boti. Kabla ya hapo kuna swali jingine, nalo ndilo huwapeleka watu mahakamani: nani ana haki ya kuiuza?

Boti ni ya nani?

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema mtu hawezi kumpa mnunuzi umiliki ambao yeye mwenyewe hana. Nahodha, dalali au shemeji akiuza boti asiyoimiliki na asiyotumwa kuiuza, mnunuzi hapati umiliki hata akilipa mpaka shilingi ya mwisho. Kanuni hiyo ina mlango wa hatari. Mwenye mali akijiweka kwa namna inayomfanya mnunuzi aamini kwamba muuzaji katumwa, hawezi baadaye kukana. Shika hilo, nitalirudia.

Kwa upande wenu wanandoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia kwamba mali iliyo kwa jina la mmoja ni yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Risiti yako ya mashine ndiyo uthibitisho wenyewe. Itafute leo, na namba iliyo kwenye risiti ifanane na namba iliyopigwa kwenye mashine. Kisha mkataba wa mauzo usainiwe na nyote wawili, mume kwa boti na wewe kwa mashine. Mnunuzi mwenye akili ataidai saini yako hata usipoitoa.

Chunguza pia kama boti imewekwa dhamana benki au kwenye kikoba. Waliopata boti kwa mikopo ya Serikali kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB, wasome mkataba wa mkopo kabla ya kuongea na mnunuzi yeyote. Na kama mwenye boti amefariki, hakuna mrithi anayeruhusiwa kuiuza kabla mahakama haijamteua msimamizi wa mirathi.

Dalali ni nani mbele ya sheria?

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamwita wakala, yaani mtu anayefanya jambo kwa niaba yako mbele ya watu wengine. Wewe ni mtumaji. Uwakala huo hausubiri karatasi wala malipo. Simu moja ya "haya, tafuta mteja" inatosha kuuanzisha, na anachofanya ndani ya mipaka uliyompa kinakufunga wewe kana kwamba umekifanya kwa mkono wako.

Basi usimtumie karatasi. Tuseme mtu kutoka Kigoma anafika Kirando na kumkuta dalali ameshika cheti cha usajili, leseni, risiti ya mashine na nakala ya kitambulisho cha mumeo. Ataamini kwamba huyu katumwa kuuza na kupokea pesa, na hakimu anaweza kumwelewa. Ule mlango wa hatari umeufungua wewe mwenyewe, ukiwa umekaa Sumbawanga.

Mgawanyo ulio salama ni huu: mpe dalali mdomo, usimpe mkono. Mdomo ni kutafuta mteja, kutangaza, kuonyesha chombo, kubishana bei. Mkono ni kusaini, kupokea pesa na kukabidhi. Mkono ubaki kwenu. Kama hamwezi kabisa kushuka ziwani, mpeni ndugu mnayemwamini hati ya uwakilishi iliyoandaliwa na wakili, inayotaja boti hiyo tu, bei ya chini kabisa na siku ya mwisho ya mamlaka yake.

Asilimia kumi, na kile cha juu

Hakuna kifungu cha Sheria ya Mikataba kinachotaja asilimia kumi. Hayo ni makubaliano yenu, yanajadilika. Msipokubaliana vingine, dalali anadai ujira wake kazi ikikamilika, si kwa kuleta watu watatu waliotazama na kuondoka. Pesa ya nauli au ya "usumbufu" anaipata ikiwa mliahidiana.

Penye maumivu zaidi ni cha juu. Tuseme umemwambia boti ni milioni nane. Anaiuza milioni tisa na nusu, anakuletea habari ya nane, kisha anakata asilimia kumi yake. Kwako inafika milioni saba na laki mbili. Kwake imebaki milioni mbili na laki tatu. Kisheria, ile milioni moja na nusu iliyofichwa ni yako. Wakala anawajibika kutoa hesabu ya kila alichopokea, na akijinufaisha kwa siri katika kazi uliyomtuma una haki ya kudai faida hiyo. Zaidi ya hayo, wakala aliyekosa uaminifu katika kazi anaweza kupoteza haki ya ujira wa kazi hiyo. Vilevile akiinunua yeye mwenyewe kwa kumtanguliza mtu wake na kukuficha jambo la msingi, unaweza kuyakataa mauzo.

Lakini ukisema, kama wengi wanavyosema, "Mimi nipe nane yangu, cha juu chako," umemruhusu. Hapo hakuna siri wala wizi, ni mapatano. Kwa hiyo chagua moja na uliandike: ama asilimia ya bei halisi, ama cha juu. Asichukue vyote viwili.

Haki inaenda pande zote. Dalali akikuletea mteja, nanyi mkamruka na kuuziana kisirisiri ili kukwepa ujira wake, anaweza kukushtaki na akashinda. Unaweza kumwondoa kabla hajatumia mamlaka uliyompa, ila kama mlipatana muda fulani na ukamkata bila sababu, atadai fidia. Ukimwondoa, waambie pia wateja aliokwisha kuongea nao, kwa sababu asiyejua kwamba katolewa bado ana haki ya kumwamini.

Mkiuza wenyewe

Mnaokoa ujira, na mnamwona mnunuzi uso kwa uso. Kazi ya kuchunguza ndiyo inayohamia kwenu.

Tazameni majira. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Ziwa likifungwa, boti haiingizi hata shilingi, na mnunuzi anajua kwamba una shida. Ndio wakati simu za madalali zinapozidi. Kama ada za shule hazijakubana, subirini ziwa likaribie kufunguliwa.

Kuna jambo jingine la majira hayo. Boti iliyokaa mchangani miezi mitatu hukauka. Mbao hujikunja na kalafati hulegea. Ukipitisha kucha kwenye maungio inazama. Ikirudi majini itavuja siku za mwanzo mpaka mbao zinywe maji. Mwambieni mnunuzi ukweli huo, na muandike kwamba ameikagua nchi kavu na majini. Kuficha kasoro mnayoijua, kwa mfano kupaka rangi juu ya mbavu iliyooza, ni udanganyifu, na mkataba uliopatikana kwa udanganyifu mnunuzi anaweza kuuvunja.

Karatasi ya mauzo

Sheria inakubali mauzo ya mdomo kwa vitu vidogo. Kwa mali kama boti, ili mahakama ikusikilize, inataka walau kimoja: mnunuzi awe amepokea sehemu ya mali, au ametoa arbuni au sehemu ya malipo, au kuwe na maandishi yaliyosainiwa. Nyinyi andikeni. Humo yawemo:

1. Majina kamili na namba za vitambulisho vya wauzaji, mnunuzi na mashahidi.
2. Boti kwa namba ya usajili, urefu na rangi. Mashine kwa namba yake na nguvu zake. Nyavu, taa na betri zitajwe kama zimo au hazimo.
3. Bei, arbuni iliyotolewa, siku ya kumaliza, na hatima ya arbuni mmoja akighairi.
4. Lini umiliki unahama. Hili wengi huliruka. Mkinyamaza, sheria inaweza kuhesabu kwamba boti iliyo tayari imekuwa ya mnunuzi tangu mkataba ulipofungwa, hata kama hajamaliza kulipa, na hasara humfuata mwenye mali. Dhoruba ikiipasua usiku huo, mtagombana. Andikeni: "Umiliki unahama baada ya malipo yote kupokelewa na boti kukabidhiwa."
5. Siku na saa ya makabidhiano.

Mwenyekiti au mtendaji wa kijiji ni shahidi mzuri, lakini muhuri wake hauthibitishi umiliki. Ulizeni TRA kuhusu ushuru wa stempu pia. Hati inayopaswa kulipiwa isipolipiwa, mahakama haiipokei kuwa ushahidi mpaka ushuru na adhabu yake vilipwe.

Mauzo yakiisha, pelekeni taarifa kwa maandishi kwa afisa uvuvi wa halmashauri, kwa uongozi wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo (BMU), na kwa TASAC inayosimamia usajili na usalama wa vyombo vya majini. Mnunuzi aombe usajili na leseni kwa jina lake. Boti ikikamatwa na nyavu haramu huku daftari bado linasoma jina la mumeo, wa kwanza kutafutwa ni yeye. Na kama mnunuzi anaipeleka Mpulungu au ng'ambo ya Kongo, forodha wahusishwe kabla haijang'oa nanga.

Mambo yakiharibika

Hifadhi meseji za simu, WhatsApp na miamala. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa aina hiyo haukataliwi mahakamani kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Dalali aliyepokea pesa yako akaitia mfukoni unaweza kumdai kwa kesi ya madai, na pia kumripoti polisi, kwa kuwa wizi unaofanywa na wakala ni kosa la jinai. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita, usilale. Usiyeweza kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri itakuelekeza walipo.

Basi ushike lipi?

Nahodha wenu ana mteja tayari, karatasi ziko mikononi mwenu, na safari ya Kirando inawezekana. Anzeni na huyo, na muulizeni nahodha mapema kama naye anataka chochote, ili asije kudai udalali boti ikishaondoka. Bei isipopatikana, mrudieni dalali kwa mkataba wa ukurasa mmoja: bei ya chini, ujira wake, muda wake, na sentensi inayosema hana ruhusa ya kusaini wala kupokea pesa. Akiikataa sentensi hiyo, ameshakujibu swali lako.

Vyovyote iwavyo, siku ya mauzo pandeni basi la asubuhi wewe na mzee. Makoti ya baridi ya huko juu Ufipa mtayavua kabla ya kufika mwaloni. Hesabuni pesa, au msubiri meseji iingie kwenye simu yenu wenyewe na mtazame salio. Hapo ndipo mumpe mnunuzi mpira wa mafuta wa mashine.

Huu ni mwongozo wa jumla. Kwa shauri lako mahususi, mwone wakili au msaidizi wa kisheria ukiwa na karatasi zako mkononi.