Mlima wa Matrah Si Kahawia Tupu

Mdogo wangu uliyeniandikia kutoka Al Khuwair, nimezitazama picha za mitandio yako ya hariri. Rangi ya maziwa, michirizi ya marumaru, dhahabu pembeni. Nzuri, sikatai. Lakini mitandio ya namna hiyo imejaa kila duka, na marumaru yenyewe umeinakili kwenye simu. Halafu unaniambia milima ya Maskati imekuchosha, eti kahawia tupu! Hapo sasa tukae kitako.

Hiyo kahawia ni kutu. Mlima ulio nyuma ya Matrah, hapo hapo Maskati, ni peridotiti, mwamba wenye chuma, uliozaliwa chini kabisa ya sakafu ya bahari ukasukumwa hadi nchi kavu enzi za dinosaria. Ni nadra mwamba huo kuonekana juu ya ardhi kwa wingi hivi, ndiyo maana wanajiolojia huja Oman kutoka kila pembe. Ganda lake limeliwa na hewa na maji. Palipovunjika karibuni utaona kijani kizito kinachokaribia weusi. Na ile mistari myeupe? Maji ya mvua huingia kwenye nyufa yakiwa na hewa ukaa, yakakutana na madini ya mwamba, pakaganda madini meupe ya jamii ya chokaa. Wapo wanaotafuta namna ya kuifungia humo hewa ukaa ya viwandani.

Sasa angalia kipimo chake: giza jingi, weupe mwembamba, tena weupe unaopita penye ufa tu. Kwenye mtandio wako weupe umetapakaa kama uji uliomwagika. Jaribu kijani kizito, ukingo wa rangi ya kutu, na uzi mweupe mmoja upite pale kitambaa kinapojikunja begani. Hapo mstari utakuwa na sababu ya kuwepo.

Ukipita Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa 2001, simama uzitazame kuta za nje. Watu husifu tani 300,000 za jiwe la mchanga kutoka India. Mimi nasifu kwamba jua la saa sita linazipiga na macho hayaumi. Jiwe lile halina mng'aro. Wewe unaweka dhahabu kwenye nguo ya kuvaliwa juani, kwa nini?

Na mafundi wa kwetu Uswahilini, wale wa Kilwa, waliyachonga matumbawe yakiwa bado mabichi na laini, kwa kuwa yakishapata hewa hukakamaa. Kazi ilifuata tabia ya jiwe. Nawe ijue hariri yako kabla ya kuichorea.

Ijumaa jioni nenda kwenye wadi kavu, yaani mkondo wa mto uliokauka. Usivunje mwamba, okota jiwe lililokwishaanguka, lirowanishe rangi yake itoke, ulichore hapo hapo kwa penseli za rangi. Ila ukiona wingu juu ya milima, usishuke kabisa, hata kama mjini jua linawaka. Maji ya wadi hutoka mbali, wala hayapigi hodi.