Kiti cha Pili Mezani

Hapo Kaaleng mume akishauza mbuzi huingia hotelini, huagiza nyama na ugali, hula akashiba. Jioni hurudi nyumbani na kusema hana njaa. Mkewe hanyamazi kwa kutojua.

Utaniambia kwamba kwa desturi ya Waturkana wanaume hula nyama yao kando, katika akiriket. Ni kweli, wala sikuombi uiache. Lakini hoteli si akiriket. Pale hakuna wazee wa kubariki. Kuna meza na viti, na kimoja ni kitupu.

Mara moja kwa mwezi nenda na mkeo. Watoto wabaki kwa nyanya yao. Mwache aagize mwenyewe; pengine hujui anapenda nini. Fedha zikiwa chache, chai na chapati zatosha. Simu izimwe: mwaka 2015 marehemu Papa Fransisko alisema kuwa familia isiyozungumza mezani kwa ajili ya runinga au simu si familia hasa.

Siku ya kwanza mtaoneana haya. Usikimbilie habari za karo. Mwulize alijisikiaje siku ile mifugo ya mahari ilipofika kwao.