Aliamka, akala, kisha akazidiwa

*Daktari, mdogo wangu alianguka na bodaboda hapa Muleba, akazimia kidogo, akaamka, akala ndizi. Tukamwacha alale. Usiku akatapika na kusinzia mno. Alipona baada ya kupasuliwa. Tulikosea wapi?*

Pole dada, usijilaumu. Kuamka kule huwadanganya wengi. Kuna ateri nyembamba inayoingia fuvuni kupitia tundu dogo kwenye sakafu yake, kisha hupanda ndani ya panja, ambapo mfupa ni mwembamba. Mfupa ukipasuka, ateri huchanika. Damu hujikusanya polepole kati ya mfupa na utando wa ubongo, hivyo mtu huzungumza vizuri kwa saa kadhaa kabla ya kuzidiwa.

Aliyezimia apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata akicheka. Akitapika, akisinzia au mboni moja ikipanuka, msingoje kuche.