Kuchagua Mbegu za Malisho ya Kudumu



Ukitazama malisho yako mwezi wa Septemba utaona nyasi zimekauka, na ng'ombe hutembea mchana kutwa wasishibe. Mvua za Ufipa hukoma mwezi wa Aprili au Mei. Toka hapo hata Novemba mnyama hula majani yasiyo na nguvu, maziwa hukatika, na ndama hudhoofu. Yafaa basi kupanda, pamoja na nyasi, mimea ya jamii ya kunde. Mizizi yake ina vinundu, na vijidudu vilivyomo huchukua naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea.

Jambo hili si geni kwetu. Wazee walifukia majani katika matuta ya intumba, wakapanda maharagwe juu yake, kisha msimu uliofuata wakayatandaza na kupanda ulezi.

Lakini wengi hulalamika kwamba shamba la malisho lilipendeza mwaka wa kwanza, na mwaka wa tatu zilibaki nyasi tupu. Mara nyingi kosa huwa katika mbegu. Huko Australia mtaalamu Mark Hutton alichanganya aina mbili zilizotoka Mexico, akapata mmea uitwao Siratro, uliotolewa kwa wakulima mwaka 1960. Ulienea nchi nyingi za joto. Kisha miaka ya 1970 ugonjwa wa kutu ukaushika majani, ikawapasa wataalamu kutafuta tena aina iwezayo kuustahimili. Siratro haipendi baridi ya nyanda za juu. Kwetu ni afadhali desmodiamu, na stailo ambayo huvumilia udongo mchovu.

Kazi ya kuchagua waiweza wewe mwenyewe. Zungushia ua kipande kidogo, panda, na msimu wa pili waingize ng'ombe, kisha uwatoe. Mimi nilipoanza kazi hii nilichagua miche mirefu kuliko yote, nikajisifu. Ng'ombe waliikata vichwa, ikafa. Iliyolala chini ikachipua. Tangu hapo sitazami urefu. Tia vijiti penye miche iliyochipua upesi baada ya kuliwa, iliyobaki kijani wakati wa kiangazi, na isiyo na madoa meusi majanini wala shinani, maana stailo huuawa na ugonjwa huo. Yenye madoa ing'oe na kuichoma moto kabla haijazaa.

Ua la stailo kwa kawaida hujichavusha lenyewe; kwa hiyo mtoto hufanana na mama, na mche mmoja mwema waweza kuanzisha shamba. Desmodiamu waweza kuizidisha kwa vipande vya shina vyenye viungo vitatu, vikipandwa mvua zikiwa zimekolea. Maganda yake hunata nguoni, nawe utayachuma bila kutaka!

Mbegu hizi zina ngozi ngumu. Zisugue taratibu kwa mchanga mkavu, usizivunje, kisha zipande juu juu, kwa kuwa ni ndogo.

Usiteketeze malisho hayo kwa moto, wala usilishe hata udongo uonekane. Mbegu ya kwanza ukiipata, hata ikiwa kikombe kimoja, usiiuze yote: weka nusu katika kibuyu kikavu, mahali pasipofika panya, uipande Desemba ijayo.